Msako wa uhamiaji kazini: Mwajiri na kibarua wa mpakani wajue sheria

KATI ya kituo cha Sirari, wilayani Tarime, na kile cha Isebania upande wa Kenya kuna kipande kidogo cha ardhi ambacho wafanyabiashara wengi hukipita bila kukiangalia mara mbili. Wenye magunia ya mahindi, wenye mikungu ya ndizi na waendesha bodaboda wote wana haraka ya kwenda sokoni.

Lakini kwa mujibu wa kumbukumbu za Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha, kuanzia Novemba 2014 kipande hicho kiligeuka makazi ya mtu mmoja. Tanzania ilikuwa imemfukuza kwa maelezo kwamba si raia. Kenya nayo ilimrudisha, ikisema hana haki ya kuwa kwake. Akabaki katikati, hana kazi, hana shamba, hana pa kurudi.

Kesi yake, inayojulikana kama Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, haikuanzia kwenye msako wa kazini. Ilianza mwaka 2012 mjini Babati, alipokwenda polisi kushughulikia taratibu za ndoa yake na hati yake ya kusafiria ikashikiliwa. Hata hivyo, ndiyo kesi inayomgusa zaidi kila mwajiri na kila mfanyakazi wa wilaya za Tarime na Serengeti, kwa sababu mhusika alieleza kuwa amezaliwa Butiama, mkoani Mara, na kwa sababu swali aliloulizwa ndilo wanaloulizwa vibarua pindi maofisa wanapoingia shambani, mgodini au hotelini: wewe ni raia wa wapi, na una ushahidi gani?

Mpaka uliokata koo

Mpaka kati ya Tanzania na Kenya unatokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Waliochora mstari ule hawakujali nani analima wapi. Wakurya walijikuta wamegawanyika, na hadi leo koo kama za Wairegi na Wanyabasi zina watu pande zote mbili. Majina ya Chacha, Mwita na Marwa yapo Tarime, na yapo Kehancha. Kwa Wajaluo wa Rorya na wenzao wa Migori hali ni hiyo hiyo.

Ndiyo maana suala la kibarua kutoka ng'ambo si jipya. Msimu wa kuvuna kahawa au kuchuma tumbaku unapofika Tarime, mwenye shamba hutafuta mikono popote inapopatikana, na mara nyingi mikono hiyo ni ya shemeji, mjomba au binamu anayeishi umbali wa kutembea kwa miguu, ila yuko nchi nyingine. Vivyo hivyo Watanzania huvuka kwenda kufanya vibarua upande wa pili.

Katika wilaya ya Serengeti sura ni tofauti kidogo. Huko ajira inayozungumzwa zaidi ni ya hoteli na kambi za watalii, zinazohitaji wapishi, madereva na waongoza watalii. Njia ya Bologonja inayounganisha hifadhi ya Serengeti na Maasai Mara ilifungwa kwa watalii mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika. Kwa hiyo mtalii anayetoka Mara kwa barabara hulazimika kuzunguka, na kituo kimojawapo anachopitia ni hicho hicho cha Sirari.

Upande wa dhahabu, kuanzia Nyamongo hadi kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, sheria ilishaweka mstari. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania. Mgeni anayekutwa anaendesha duara kwa mgongo wa jina la mwenyeji anajiweka hatarini, na mwenyeji wake pia.

Vibali viwili, si kimoja

Kosa linalowaponza waajiri wengi wadogo ni kudhani kwamba mgeni aliyegongewa muhuri mpakani anaruhusiwa kufanya kazi. Sivyo. Muhuri wa mgeni ni wa kutembea tu.

Kwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba 15 mwaka huo, asiye raia anatakiwa kuwa na kibali cha kazi kinachotolewa na Kamishna wa Kazi. Pamoja na hicho, anatakiwa awe na kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji kwa mujibu wa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, daraja B ni la walioajiriwa, na daraja C ni la makundi mengine kama wanafunzi na watafiti. Mwenye kimoja bila kingine hajakamilika.

Sheria hiyo ya 2015 inamtaka pia mwajiri awe na mpango wa kumwandaa Mtanzania achukue nafasi ya mgeni baadaye. Vilevile inawapa maofisa mamlaka ya kuingia sehemu ya kazi na kudai nyaraka. Hivyo mwajiri anayefunga geti ili ofisa asiingie hajisaidii.

Wapo wanaosema Jumuiya ya Afrika Mashariki imeondoa vikwazo vyote. Ni kweli kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa Novemba 20, 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010, inazungumzia uhuru wa watu, wafanyakazi na haki ya kuweka makazi. Lakini haikufuta vibali vya kazi. Inachofanya ni kuweka utaratibu: mfanyakazi wa nchi mwanachama mwenye mkataba anaomba kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kuingia mkataba, na mamlaka husika inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Aidha, kila nchi ilitaja aina za wafanyakazi ambao iko tayari kuwafungulia mlango, na orodha ya Tanzania ni fupi. Kibarua wa kupalilia na kuvuna si mtu aliyefikiriwa na orodha hiyo.

Vilevile, Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanza mwaka 2014 kuruhusu raia wao kusafiri kati yao kwa kitambulisho cha taifa, Tanzania haikujiunga. Binamu wa Isebania anayevuka na kitambulisho cha Kenya mfukoni pekee hajakamilisha taratibu, hata kama mama yake amezikwa Tarime.

Katazo lililomgusa mkulima

Julai 28, 2025 suala hili lilitoka kwenye ajira likaingia kwenye biashara. Aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, alitoa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, iliyoorodhesha shughuli 15 ambazo asiye raia hatakiwi kuzifanya. Amri hiyo ilitanguliwa na malalamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambako mapema mwaka huo iliundwa kamati ya kuchunguza biashara za wageni.

Katika orodha hiyo yamo mambo kadhaa yanayogusa Tarime na Serengeti moja kwa moja. Ulitajwa uchimbaji mdogo wa madini. Zilitajwa kazi ya kuongoza watalii na maduka ya vinyago. Zilitajwa pia biashara za rejareja na jumla, huduma za kutuma fedha kwa simu, matengenezo ya simu, udalali na uwakala wa forodha. Na kwa mkulima, jambo kubwa zaidi lilikuwa ununuzi wa mazao shambani.

Adhabu kwa asiye raia ilitajwa kuwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia naye hakuachwa: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Waliokuwa na leseni halali waliruhusiwa kuendelea hadi zitakapoisha muda.

Kenya ililalamika mara moja. Waziri wake wa Biashara, Lee Kinyanjui, alisema hatua hiyo inakwenda kinyume cha Itifaki ya Soko la Pamoja, na suala likapelekwa kwenye mazungumzo ya nchi hizo mbili.

Kwa mkulima wa mahindi, maharage au vitunguu wa Tarime, jambo hili lina sura mbili. Kwa upande mmoja, mchuuzi Mtanzania anapata nafasi ya kununua bila kushindana na mwenye lori kutoka Kisii au Nairobi. Kwa upande mwingine, lori hilo ndilo mara nyingi hupandisha bei shambani, na mnunuzi akibaki mmoja mkulima hana ubavu wa kukataa bei anayopewa. Jambo la kukumbuka ni kwamba katazo lilitaja kununua shambani, halikufuta biashara ya mpakani. Mkulima mwenye mzigo mdogo bado anaweza kuuvusha mwenyewe kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa wafanyabiashara wadogo, unaohusu bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kwa shehena, kwa cheti cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani. Kabla ya kupeana mkono na mnunuzi kutoka ng'ambo, ni busara kumuuliza ofisa biashara wa halmashauri ni masharti gani yanatumika kwa raia wa nchi wanachama.

Msako ukifika shambani

Chukulia mfano wa mkulima wa kahawa mwenye vibarua kumi. Kahawa iliyoiva inatakiwa kumenywa siku ile ile inapochumwa, vinginevyo inaanza kuchachuka na daraja linashuka. Maofisa wakifika saa nne asubuhi na kuondoka na watu sita, hasara ya siku hiyo haimwangukii tu aliyekamatwa. Matunda yanabaki mtini au yanaozea kwenye ndoo. Kwa mkulima wa tumbaku ni vivyo hivyo, kwani jani lililopitiliza kuiva au kukaa kabla ya kukaushwa halipandi daraja.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kati ya hao sita, wawili wanaweza kuwa Watanzania ambao hawana kitambulisho. Katika mikoa ya mpakani, maombi ya kitambulisho cha taifa hupitia mikononi mwa maofisa uhamiaji wanaohoji uraia, na hivyo huchukua muda. Wazee wengi hawakuandikishwa walipozaliwa. Hapo ndipo lafudhi na jina vinapogeuka ushahidi, na katika mpaka huu lafudhi na jina havithibitishi kitu.

Nchi imewahi kuona operesheni kubwa za aina hii. Julai 2013 Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili kuondoka, na Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Wapo waliolalamika kuwa waliondolewa ilhali waliishi nchini miongo mingi, wakiwa na mashamba na mifugo.

Wala si Tanzania pekee. Juni 2019 mbunge wa Starehe jijini Nairobi, Charles Njagua, maarufu kama Jaguar, alitishia kuwatoa kwa nguvu wafanyabiashara wa Kitanzania na Kiganda masokoni. Serikali ya Kenya ilijitenga na kauli hiyo, na mbunge akakamatwa na kufikishwa mahakamani. Mei 2021, akiwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwa Watanzania wanaotaka kufanya biashara Kenya hawatadaiwa viza ya biashara wala kibali cha kazi.

Marekani nako mwaka 2025 ulikuwa wa misako makazini. Septemba 4 mwaka huo, watu wapatao 475, wengi wao wakiwa raia wa Korea Kusini, walikamatwa kwenye eneo la ujenzi wa kiwanda kinachohusiana na kampuni ya Hyundai katika jimbo la Georgia. Kabla ya hapo, Julai, jaji wa Los Angeles alikuwa amezuia maofisa kumsimamisha mtu kwa sababu tu ya rangi, lugha, mahali alipo au kazi anayofanya. Septemba 8, Mahakama ya Juu ilisitisha zuio hilo wakati shauri likiendelea. Hoja iliyobishaniwa kule ndiyo ile ile ya Sirari: je, sura na lugha ya mtu vinatosha kumtilia shaka?

Mahakama zimesema nini

Katika kesi ya Anudo, hukumu ilitolewa Machi 22, 2018. Mahakama ya Afrika ilisema kuwa anayedai uraia ndiye anayeanza kuthibitisha, lakini akishaonyesha nyaraka zilizotolewa na dola yenyewe, kama hati ya kusafiria, basi ni juu ya dola kuthibitisha kwamba si raia. Ilieleza pia kuwa kipimo cha vinasaba kingeweza kumaliza ubishi kuhusu wazazi wake. Ikaamua kwamba alinyang'anywa uraia na kufukuzwa kiholela, na kwamba hakupewa nafasi ya kusikilizwa na mahakama. Tanzania iliamriwa kumruhusu arejee na kurekebisha sheria ili mwenye mgogoro wa uraia awe na mahali pa kukata rufaa mahakamani.

Uamuzi wa aina hiyo ulirudiwa Novemba 28, 2019 katika kesi ya Robert John Penessis, aliyekamatwa na maofisa uhamiaji mwaka 2010.

Bahati mbaya kwa mwananchi wa kawaida, mlango huo ulifungwa. Novemba 2019 Tanzania ilitoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, na kujiondoa huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020.

Uliobaki wazi ni wa Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo nayo iko Arusha. Mei 17, 2013 mahakama hiyo ilitoa hukumu katika shauri la mwanasheria wa Kenya, Samuel Mukira Mohochi, aliyezuiwa kuingia Uganda kupitia Entebbe Aprili 13, 2011 na kurudishwa siku hiyo hiyo bila kuelezwa sababu. Majaji walisema nchi mwanachama haiwezi kumzuia raia wa Jumuiya bila kumpa sababu na bila kufuata utaratibu, hata kama sheria yake ya ndani inampa ofisa uwezo huo.

Jambo la kuzingatia ni muda. Mlalamikaji anatakiwa kufungua shauri ndani ya miezi miwili tangu tendo litokee au alipolifahamu. Akichelewa, milango hufungwa hata kama ana haki.

Hatua za kuchukua

Kwa hapa nyumbani, Katiba ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa mtu katika ibara ya 15 na haki ya kusikilizwa katika ibara ya 13. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka anayekamatwa aelezwe sababu, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo baada ya hapo. Ndugu wa anayeshikiliwa kinyume cha sheria wanaweza kuiomba Mahakama Kuu, ambayo ina masijala Musoma, iamuru aletwe mbele yake. Anayetaka kupinga uamuzi wa ofisa kwa njia ya mapitio ana miezi sita ya kuomba ruhusa. Anayetaka kuidai Serikali fidia kwa shauri la madai lazima kwanza atoe notisi ya siku 90.

Mfanyakazi aliyeachishwa kazi kwa sababu ya msako ilhali ni raia ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kutafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Lakini kinga inashinda tiba. Mwajiri mdogo anaweza kufanya mambo machache yasiyo na gharama. Awe na daftari lenye jina la kila kibarua, kijiji chake na namba ya kitambulisho cha taifa au nakala ya cheti cha kuzaliwa. Ampe mfanyakazi wa kudumu mkataba wa maandishi, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyotaka. Kwa mgeni, atunze nakala za vibali vyote viwili na aandike tarehe ya kuisha muda wake ukutani. Ofisa akifika, amwombe kitambulisho, amwonyeshe daftari, na aandike majina ya waliochukuliwa, saa na kituo walikopelekwa. Kitu kikichukuliwa, adai stakabadhi.

Naye kibarua Mtanzania asisubiri msako ndipo akumbuke cheti cha kuzaliwa. Wenye watoto wawaandikishe sasa, maana mtoto wa leo ndiye kibarua wa kesho. Wenye wazazi wa pande mbili wakumbuke kuwa sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Anayefikisha miaka 18 anatakiwa kuchagua, na kumiliki vitambulisho vya pande zote mbili kunaweza kumharibia kote kuwili.

Serikali nayo ina wajibu wake. Kulinda ajira za wananchi ni haki yake, na wakulima na wachuuzi wengi wa Mara wanaiunga mkono. Lakini msako unaomchukua raia pamoja na mgeni haulindi ajira ya raia huyo. Iwapo utambuzi wa vijiji vya mpakani utaharakishwa, na mwenye ubishi wa uraia akapewa mahali pa kusikilizwa kabla ya kupakiwa kwenye gari, mwenye shamba atavuna kahawa yake kwa wakati, na hakuna Mtanzania mwingine atakayelala kati ya Sirari na Isebania.